Magofu ya Pwani na Sifa ya "Kiarabu"

Kitabu cha James Kirkman cha mwaka 1954 juu ya Gedi kiliuita mji ule, katika anwani yake, mji wa Kiarabu. Sifa hiyo hailingani na ushahidi wa lugha. Hamamni ya Unguja, iliyojengwa zama za Sayyid Barghash (1870–1888), yaistahili: hamamu ni neno la Kiarabu, ingawa hata hapo kiambishi -ni cha Kibantu kimejipenyeza. Lakini tuutazame msikiti wa kale wa Kongo, kinywani mwa mto Mwachema, si mbali na Kona ya Musa. Mihrabu, naam, ni Kiarabu. Ukuta je? Nguzo? Hata mwashi ametokana na kuaka, kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kujenga kwa mawe. Msamiati peke yake hauthibitishi nasaba ya fundi. Anwani ya kitabu ndiyo hata kidogo.