Nyanya wa Nani?

Kiingereza cha zamani kilikuwa na maneno mawili ya nyanya ambayo leo utayakuta vitabuni tu: "grandam" na "beldam". Yote mawili yalianza kwa heshima, maana "dam" hapo ni bibi mwenye hadhi yake, neno lililotoka Kifaransa. La kwanza lilizeeka likafa kwa amani. La pili lilizeeka likawa mchawi.

Katika tamthilia za Shakespeare unayaona yakiachana njia. Kwenye Henry IV, sehemu ya kwanza, Hotspur anaeleza tetemeko la ardhi, na ndani ya hotuba moja anaiita dunia "beldam" kisha "grandam". Hapo ni kitu kimoja: dunia ni nyanya yetu, tumbo linamsokota, anatetemeka. Kwenye King John, Eleanor anamwita mjukuu wake Arthur aje kwa "grandam" wake, naye Constance, mama yake Arthur, anakejeli: haya, mpe nyanya ufalme, yeye atakupa matunda. Huyu nyanya si malaika hata kidogo. Lakini bado ni nyanya wa mtu.

Sasa fungua Macbeth, lile onyesho ambalo wasomi wengi wanasema ni la mkono wa Thomas Middleton. Hecate anawafokea wachawi watatu na kuwaita "beldams". Hawa hawana majina, hawana boma, hawana mjukuu. Neno la ukoo limepoteza mwenyewe.

Sisi tuna "ajuza". Limetoka Kiarabu, na huko ni mwanamke mzee tu. Katika Sura ya Hud, mkewe Ibrahimu anajiita hivyo mwenyewe akishangaa kwamba atazaa. Kamusi zetu pia zinasema mwanamke mzee sana, basi. Lakini soma hadithi fupi tunazoandika sisi vijana. Ajuza anatokea usiku, hana meno, macho mekundu, na msomaji keshajua ni mchawi kabla aya haijaisha. Mwandishi amepata hofu ya bure. Hakumpa mama huyo jina, wala mtoto, wala kashamba ka majani chai.

Hapa Chepilat uvivu huo una bei. Soko letu liko mpakani: Wakipsigis wanasema kogo, Wakisii wanasema magokoro, na vijana wa boda wa pande zote wanasema shosho. Ukisikia lolote kati ya hayo, unauliza: wa nani? Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Hakuna hadithi fupi iliyowasha moto ule. Ila ili umati umchome mwanamke mzee, lazima kwanza aache kuwa nyanya wa mtu, awe tu kizee fulani. Na kazi hiyo ya kumvua mtu ukoo, sisi waandishi tunaifanya kwa neno moja, halafu tunaendelea na hadithi.

Sisemi ajuza lifutwe. Nasema anayelitumia alilipie. Andika nyanya mbaya ukitaka, mchoyo, mwenye njama kama Eleanor. Lakini tuambie wajukuu wake ni kina nani, na ni nani humletea kuni. Baada ya hapo mfanye mchawi, kama bado utaweza.