Zamu ya Sekunde 45

Mchezaji ana miaka 18, jezi namba 17, na kwa muda mrefu hafanyi lolote. Amekaa benchi. Wenzake wanapita mbele yake mbio, chuma cha viatu kinakwangua barafu kwa sauti ile ya mwiko unaobandua ukoko kwenye sufuria, na yeye anangoja. Mgongoni ameandikwa Mushi.

Sisi tunaomtazama tuko Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, sebuleni kwa kaka yangu, siku chache baada ya Krismasi. Nyumba bado imejaa watu waliopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha. Aliyeshika pedi ni mtoto wa kaka, amemaliza kidato cha nne Novemba na anasubiri matokeo. Baba yake alimnunulia PS3 ya mtumba mjini Moshi, ikaja na diski tatu. Mbili za kandanda zilikuwa zimekwaruzika mpaka hazisomi. Ya tatu ilikuwa NHL 09, gemu ya hoki ya barafu iliyotoka mwaka 2008. Akabaki na hiyo, na ndani yake akaingia sehemu iitwayo Be a Pro, ambako unaunda kijana wako mwenyewe na kumwanzisha katika ligi ya chini. Yeye alimpeleka Hershey, mji wa Pennsylvania wenye jina la chokoleti, ambao timu yake imo katika ligi hiyo tangu mwaka 1938. Mushi akifanya vizuri Hershey, ataitwa juu, Washington.

Nilikaa naye jioni nne, na nilichokiona nakichukulia kwa uzito uleule ninaoupa riwaya. Shuleni tulifundishwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha wengi wetu tukakimbilia maudhui kwa sababu ndiko kwenye maswali mepesi ya mtihani. Hapa maudhui hayatakupa mengi. Kijana anaanzia chini, anajituma, anapanda. Hadithi hiyo tunayo tele, tangu ile ya sungura na werevu wake mpaka ya Mbwana Samatta aliyetoka Mbagala akafika Wembley. Jambo jipya liko katika namna inavyosimuliwa.

Tuanze na jicho. Katika gemu za kandanda zinazojaza mabanda ya Moshi mjini, jicho liko juu. Unaona kama mtu aliyeketi jukwaani, na unahama kutoka mguu wa mchezaji mmoja hadi wa mwingine, kumi na mmoja wote wakiwa wako. Huyo ni msimulizi anayejua yote. Be a Pro imemfukuza msimulizi huyo. Jicho limefungwa nyuma ya bega la Mushi, na asichokiona yeye hukioni wewe. Akitolewa, jicho linatoka naye. Mchezo unaendelea mbali, upande wa pili wa kiwanja, nawe unausikia zaidi kuliko kuuona. Sijui waandishi wetu wangapi wangethubutu kumwondoa mhusika mkuu kwenye tukio kuu la sura, wakamketisha pembeni, na wakatulazimisha kukaa naye.

Hoki ya barafu inalazimisha muundo huo. Wanaingia sita, golikipa akiwa mmojawapo, na miguu inachoka upesi mno hata timu hubadilishana kwa mafungu mchezo ukiwa hausimami. Mtu huingia kwa sekunde kama 45, anatoka, anapumua, anarudi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, kwa hiyo mchezaji mmoja anaweza kuingia zaidi ya mara ishirini na asikae humo dakika kamili hata mara moja. Waingereza wana neno lao kwa kila mwingio huo. Mtoto wa kaka hakuliuliza. Siku ya kwanza alinigeukia akasema, “Subiri, baba mdogo, bado zamu yangu.”

Zamu. Neno hilo alilitoa kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Kilema maji ya mashamba yanashuka kutoka msituni kwa mifereji ambayo mababu waliichimba kwa jembe na macho, bila kipimo cha fundi, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia. Ikifika, unatoa udongo na magamba ya mgomba yaliyoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia kihambani. Ikipita, unaziba, maji yanakwenda kwa jirani, hata kama mgomba wako wa mwisho haujalowa. Lakini mtu asiye na zamu halali usingizi. Anapanda kando ya mfongo kuangalia panapovuja, anaondoa majani, anamwona aliye juu yake kama ameziba vizuri. Muda wake mrefu anautumia akiwa hana maji, na huo ndio unaoamua kama zamu itakapofika patakuwa na maji ya kufungulia. Kijana aliyekulia kwenye utaratibu huo aliielewa hoki kabla ya kuzielewa kanuni zake.

Ndiyo maana nasema sehemu bora ya gemu hii ni benchi. Mabao mazuri yapo pia, lakini bao linafanana na bao. Benchi linajenga ujana wa mchezaji kwa kitu ambacho masimulizi ya michezo hukikata haraka, yaani kungoja. Kocha hajakuamini. Fungu lako ni la mwisho. Wanaocheza ni wakubwa wako kwa miaka sita, saba. Unakaa, unatazama, unaitwa, unateleza mara mbili vibaya, unatoka. Hayo yakirudiwa mara ishirini katika mechi moja, na mechi zikifuatana, unapata mapigo ambayo sijayakuta katika maandishi mengi: sentensi fupi, kimya kirefu, sentensi fupi.

Waundaji wenyewe, hata hivyo, waliliogopa benchi lao. Waliweka kitufe cha kuruka. Ukikaa, unaweza kukibonyeza, mchezo ukasogezwa mbele mpaka zamu yako nyingine. Nakihesabu kitufe hicho kuwa dosari kubwa kuliko zote, kwa sababu kinavunja ahadi ya jicho. Kazi iliyoniambia kwamba mimi ni Mushi inaninong’oneza kuwa naweza kutokuwa Mushi anapochosha. Mwanzoni kijana wetu alikibonyeza kila mara. Jioni ya tatu akaacha. Nilidhani amefanya hivyo kwa kuniona nipo, nikamwuliza. Akasema, “Ukiruka huoni nani kachoka.” Yaani anapotazama akiwa benchi anaona beki gani wa timu pinzani ameanza kurudi polepole, na akiingia anamwendea huyo. Alikuwa ameifanya dosari ya fani isiwepo kwa kukataa kuitumia.

Mechi ikiisha zinakuja alama. Herufi kwa kukaa mahali pako, herufi kwa kushirikiana na timu, herufi kwa takwimu. Mtindo hapa unabadilika ghafla: kutoka mwendo na sauti tunaingia kwenye karatasi ya matokeo. Kwa mtoto anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, herufi hizo haziko mbali. Niliona alivyozitazama, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesoma ubao wa matangazo akiwa nyuma ya wenzake. Alipata C ya kukaa mahali pake na hakuelezwa kosa. Kocha wa gemu hana sentensi. Anatoa amri za maneno mawili matatu, kisha herufi. Fasihi ya ujana wa mwanamichezo inahitaji mtu mzima anayezungumza, kwa ukali au kwa upole, na hapa kiti chake kimeachwa kitupu. Angalau mwalimu huandika pembeni kwa wino mwekundu.

Na liko jina. Watangazaji wa gemu, Gary Thorne na Bill Clement, walirekodiwa wakitamka majina yaliyoandaliwa, na ukitaka kuitwa yakupasa uchague humo. Mushi halimo. Basi jina la ukoo wetu linasomeka mgongoni, linasomeka kwenye orodha ya wachezaji, na halisikiki kamwe. Anapopiga, sauti inamsifu bila kumtaja, kisha inamtaja kwa furaha jirani yake aliyempa pasi. Mtoto wa kaka angeweza kuchagua jina lenye sauti, akaitwa mtu mwingine mwaka mzima. Alikataa. Kwa hiyo kuna mapengo madogo katika utangazaji wake, mahali ambapo jina lilipaswa kuwa, na mara ya nne au ya tano nikasikia anayajaza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa mtangazaji wa redio wa kwetu: Mushi, anaingia Mushi.

Kitu ambacho fani hii haikuweza kukishika hata kidogo ni baridi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kuja huku Kilema kwa Mangi Masaki, aliona weupe juu ya kilele cha Kibo na kumwuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Yule hakuwa na neno la theluji, akasema kwamba ni baridi. London walioketi na vitabu, mwanajiografia Cooley akiwa mbele, walikataa kwa miaka kuwa theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mimi nampa alama ya juu kiongozi yule wa njia, kwa sababu alikiita kitu kwa kile kinachoufanyia mwili. Barafu ya NHL 09 inang’aa, inateleza, inakwangua, lakini haiufanyii mwili wa Mushi lolote. Hatetemeki. Pumzi haitoki na mvuke. Safari za basi za ligi ya chini nazo hazimo. Kalenda inaruka kutoka mechi hadi mechi, na anayejua timu zetu za ligi za chini zinavyosafiri usiku kutoka mkoa hadi mkoa ataliona pengo hilo mara moja. Asubuhi kijana anafungua mlango, Kibo ipo palepale juu ya migomba na barafu yake kidogo iliyobaki, na hajawahi kuigusa.

Barafu ya kuchezea iliyo jirani iko Nairobi, katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, tangu mwaka 2005. Hapo ndipo walipozaliwa Kenya Ice Lions, na kwa miaka walicheza wao kwa wao kwa sababu hapakuwa na timu nyingine ya kukabiliana nayo. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakapata mpinzani kwa mara ya kwanza, na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi zao wakacheza upande wao. Filamu fupi ya safari ile ilizunguka dunia, na inastahili machozi iliyoyatoa. Ila kifani inafanya kinyume cha tulichokuwa tunakitazama Kilema: inakwenda mbio kwenye siku ile moja kubwa, nyota wakitokea mlangoni, na miaka ya mazoezi ya usiku bila mpinzani inapita kwa dakika chache. Wale walikuwa na barafu, wakakosa ligi. Mushi ana ligi nzima, mechi baada ya mechi, na safu yake mwenyewe kwenye orodha.

Safu hiyo ndiyo iliyonishika zaidi. Ina mabao, ina asisti, na ina namba moja ya ajabu ambayo hoki ilibuni na kandanda haina: alama ya kujumlisha na kutoa. Timu yako ikifunga, idadi ya wachezaji ikiwa sawa pande zote, nawe ukiwa ndani ya barafu, unaongezewa moja hata kama hukugusa kitu. Mkifungwa, unapunguziwa moja. Ni namba ya kuwepo, na wako wetu walioikosa. Mwaka 1980, Olimpiki ya Moscow, Tanzania ilipeleka timu ya hoki ya nyasi. India ilitufunga 18 kwa 0. Katika michezo ileile wanariadha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha, na majina yao tunawafundisha watoto. Ya vijana wale wa magongo tumebaki na 18 na 0. Waliokimbia mpaka filimbi ya mwisho wakijua matokeo yake hawana safu popote katika kumbukumbu yetu ya kila siku. Nilikuwa nawafikiria nilipomwona Mushi, kijana asiyekuwepo duniani, amewekewa mstari mzima wa sifuri na mashine ikautunza kwa uaminifu.

Jioni ya mwisho, kabla sijateremka kurudi Dar, Hershey walikuwa nyuma kwa bao moja kipindi cha tatu. Mushi alikuwa benchi. Mtoto wa kaka aliweka pedi juu ya goti, mikono imeachia, macho kwenye beki mmoja wa upande wa pili. Jikoni walikuwa wanagombea mwiko. Zamu ikafika, akaingia, akamwendea yule beki, wakasongamana kwenye ukuta wa pembeni, na kifuniko, hivyo ndivyo anavyokiita kile kisahani cheusi cha mpira, kikatoka kikaenda kwa mtu wa tatu, akapiga, likawa bao. Watangazaji wakaliimba jina la mfungaji. Orodha ikaja. Mushi: bao 0, asisti 0, kisha +1.

“Sijagusa, baba mdogo,” akasema. Akaisoma tena. “Ila wamenihesabu.”

Akamrudisha Mushi benchi kabla kocha hajamwita.