Lupe Ontiveros na Mhusika Bapa

Katika somo la fasihi huwa tunawafundisha wanafunzi kwamba mhusika bapa ni yule anayebeba sifa moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Maelezo hayo yanatosha kwa mtihani. Hata hivyo, hayasemi lolote kuhusu msanii anayepewa mhusika wa aina hiyo, tena na tena, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Katika makala haya tunamkumbuka msanii mmoja wa namna hiyo, Lupe Ontiveros, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Meksiko, aliyefariki tarehe 26 Julai 2012 akiwa na umri wa miaka 69. Kwa hesabu yake mwenyewe aliigiza mtumishi wa ndani mara zisizopungua 150.

Ontiveros alizaliwa mwaka 1942 mjini El Paso, Texas, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Meksiko. Alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na uigizaji akauanza akiwa mtu mzima. Kiingereza alikimudu barabara. Lakini mwaka 2002 alilieleza gazeti la New York Times kwamba akienda kwenye usaili na kuzungumza Kiingereza fasaha, nafasi humponyoka. Waajiri walitaka lafudhi nzito ya Kihispania. Yaani, alilipwa ili aiharibu lugha aliyoijua vizuri! Mbinu hii si ngeni kwetu. Katika vichekesho vingi vya Kiswahili mlinzi wa geti hupachikwa lafudhi ya kabila fulani ili hadhira icheke kabla hajasema neno la maana. Wanafunzi wetu hapa Uganda, ambao wengi wao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, wanaufahamu uchungu wa kicheko hicho.

Tutazame The Goonies (1985). Ontiveros ni Rosalita, hausigeli mpya asiyejua Kiingereza. Mwenye nyumba anamwelekeza kazi, na mtoto mmoja mtundu anajitolea kutafsiri. Anatafsiri uongo mtupu: anamwambia kwa Kihispania kwamba droo za nyumba hiyo zimejaa dawa za kulevya. Mhusika huyu hana maneno mengi, hivyo kichekesho chote kinategemea uso wa Ontiveros, na uso huo unaonesha mtu mwenye akili timamu aliyeingia katika nyumba ya wendawazimu. Mwishoni ni Rosalita huyohuyo anayegundua vito vya thamani na kuzuia nyumba isiuzwe. Kwa walimu wa tafsiri, onyesho lile la kwanza ni somo kamili.

El Norte (1983) ya Gregory Nava ni kazi nzito zaidi. Humo Ontiveros ni Nacha, anayempokea Rosa, msichana wa Kimaya aliyekimbia Guatemala, na kumtafutia kazi ya usafi mjini Los Angeles. Mwajiri anamweleza Rosa vitufe vya mashine ya kufulia kwa Kiingereza, na Rosa anaishia kufua kwa mikono na kuanika nguo kwenye majani. Nacha ni mtumishi vilevile, lakini ni mwenyeji. Anajua mji unavyokwenda.

Ni desturi kumsifu Ontiveros kwamba aliwapa watumishi utu. Sifa hiyo tunaikubali nusu tu. Watumishi wana utu wao tayari, na sifa hiyo ikirudiwa sana inawapa nafuu watunzi wa miswada walioandika mhusika yuleyule kwa miongo mitatu. Mwaka 2000, katika Chuck & Buck, alipewa Beverly, msimamizi wa jumba dogo la maonyesho, mhusika ambaye asili yake si hoja kabisa. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi bora ya National Board of Review. Tunajiuliza akina Beverly wangapi walikuwa ndani yake tangu miaka ya 1970.

Kwa maoni yetu, kilele chake ni Carmen katika Real Women Have Curves (2002), filamu iliyotokana na tamthilia ya Josefina López na kuongozwa na Patricia Cardoso. Carmen ni mama mshonaji anayemsema binti yake Ana kwa unene na anayempinga asiende chuo kikuu New York. Yeye na America Ferrera, aliyeigiza Ana, walipewa tuzo maalumu ya majaji kwa uigizaji katika tamasha la Sundance. Mwigizaji mwingine angetafuta huruma ya hadhira. Ontiveros haombi huruma. Anachekesha anaposhikilia kwamba ana mimba, kumbe ni ukomo wa hedhi, na palepale tunaona hofu ya mwanamke anayezeeka huku kitinda mimba wake anaondoka. Siku ya safari Ana anabisha mlango akiomba baraka za mama. Carmen yumo chumbani. Hafungui, wala hasemi neno, kwa lafudhi yoyote.