Mabuu ndani ya kuni: jinsi gogo lililochanjwa linavyosomwa pwani ya Bagamoyo

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Bunju, kupita Bagamoyo na kuelekea Saadani, baadhi ya kuni za majumbani hutokana na miti ya mashamba iliyozeeka au kufa, hasa mikorosho, miembe na minazi, na gogo la miti hiyo lililokaa muda mrefu mara nyingi hukutwa na mabuu linapochanjwa. Buu la aina hii ni hatua ya utoto ya mbawakawa, mdudu mwenye mbawa ngumu za juu zinazofunika mbawa laini za kurukia. Kwa jicho la haraka mabuu yote ni meupe na laini, lakini umbo lake, miguu yake na aina ya vumbi yanaloliacha humwonyesha mchanjaji kama mti ulishambuliwa ukiwa hai, ukiwa umekufa na kuanza kuoza, au ukiwa umeshakauka, na jibu hilo ndilo linalopaswa kuamua kuni hizo zifanywe nini.

Katika mkorosho, buu lisilo na miguu, lenye kichwa cha kahawia na lililotoboa njia chini ya gome, kwa kawaida ni la fukusi wa mkorosho, Mecocorynus loripes, ambaye hushambulia mti ulio hai. Dalili yake ya nje ni uchafu mweusi wenye utomvu unaochuruzika shinani muda mrefu kabla ya shoka kuletwa. Kwa kuwa mabuu na pupa, yaani hatua ya mpito kati ya buu na mdudu kamili, huendelea kukua ndani ya mti uliokatwa, gome hubanduliwa na mabuu kuuawa papo hapo, maana rundo la kuni lililoachwa shambani hutoa mafukusi wapya kando ya mikorosho iliyosalimika. Matawi yaliyoanguka yakiwa na mkato wa mviringo ni kazi ya mdudu mwingine, mbawakawa mwenye vipapasio virefu aitwaye Paranaleptes reticulata, ambaye jike lake hutafuna tawi kuzunguka pande zote, kisha hutaga mayai katika sehemu inayokufa. Matawi hayo huokotwa na kuchomwa mapema.

Kuni kavu zinazotoa unga laini mithili ya unga wa sembe huwa zimeliwa na jamii ya dumuzi, ambao hufuata wanga uliobaki katika mbao changa za nje. Dumuzi wa mahindi, aliyetokea Amerika ya Kati na kutambuliwa Tabora mwaka 1981, akapewa na wakulima jina la Scania, ni wa ukoo huo wa watoboa miti, na uwezo wake wa kuishi ndani ya mti mkavu ni sababu mojawapo ya kutoweza kumwondoa kwa kusafisha ghala peke yake.

Suala zito zaidi, hata hivyo, ni la mnazi. Ugonjwa wa kunyong'onyea, unaosababishwa na vimelea vidogo mno vinavyoishi katika mishipa ya mti, umeua minazi mingi ya pwani na kuacha nguzo zisizo na kilele, ambazo ndani yake laini huoza na kuwa makazi ya buu la mbawakawa aitwaye chonga, Oryctes monoceros. Buu hilo ni nene, limejikunja, lina jozi tatu za miguu kifuani, na halidhuru mnazi ulio hai, kwa kuwa chakula chake ni mti uliooza. Mharibifu ni chonga mkubwa, ambaye huruka usiku, hutoboa kilele na kutafuna makuti yasiyofunguka, ndiyo maana makuti hayo yanapochanua huonekana yamekatwa pembetatu, na mnazi mchanga hufa kabisa iwapo kitovu chake cha ukuaji kitafikiwa.

Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kazi yake kurithiwa na kituo cha utafiti cha Mikocheni, ulijaribu virusi vinavyouguza mabuu ya chonga, njia iliyokwisha kutumika katika visiwa vya Pasifiki dhidi ya ndugu yake wa Asia. Jitihada hiyo ilistahili kufanywa, lakini virusi haviwezi kufidia magogo yanayoachwa kuoza, na magogo huachwa kwa sababu kuni za mnazi hazipendwi kama za mkorosho au mwembe. Hapa uchanjaji unafanya kazi ya kinga: gogo lililopasuliwa likiwa bado gumu hukauka kabla chonga hajapata pa kutaga, ilhali lililopasuliwa baada ya kuoza halitoshi kurundikwa kivulini, kwani mabuu huendelea kula ndani ya vipande vyenye unyevu; ni lazima yatolewe moja moja na kupewa kuku, na vipande vitandazwe juani.