Mgeni Aliyenena Kangemi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Msomaji mpenzi, methali hii hutamkwa mlangoni, wakati wa kumpokea mgeni. Ni wachache wakaao kitako baada ya mgeni kwenda zake wakajiuliza: Je, mwenyeji amepona? Katika insha hii nataka tuulize swali hilo pamoja, juu ya mgeni mmoja mashuhuri na hotuba moja aliyoitoa katika jiji letu la Nairobi. Hatutaipima imani yake, kwa maana hiyo si kazi ya mhakiki. Tutayapima maneno yake, kama tupimavyo shairi au tamthilia: yalisema nini, yaliacha nini, na yalimtaka msikilizaji afanye nini.

Kwanza yafaa tujue kwamba Papa kusafiri mbali ni jambo la juzi. Kwa muda mrefu mapapa walikaa Roma, na mwenye haja aliwafuata huko. Wa kwanza kukanyaga ardhi ya Afrika katika nyakati zetu, hali akiwa Papa, ni Paulo VI, aliyefika Uganda tarehe 31 Julai 1969. Alihiji Namugongo, mahali pa mashahidi waliouawa katika enzi ya Kabaka Mwanga, na mjini Kampala aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wa nafsi zao. Baada yake Yohane Paulo II alizuru Kenya mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995, akasoma misa katika bustani ya Uhuru. Kisha, tarehe 25 Novemba 2015, akaja Papa Fransisko, ambaye alifariki mwezi wa Aprili 2025. Siku ya pili alisoma misa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mvua ikiwa imelowesha nyasi na watu, na alasiri akahutubia ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Lakini hotuba tutakayoihakiki haikutolewa mbele ya mabalozi. Ilitolewa asubuhi ya tarehe 27, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mtaa wa Kangemi, kabla hajakwenda Kasarani kuonana na vijana na kuondoka kwenda Uganda.

Kangemi iko upande wa magharibi wa jiji, nasi wa Eastlands tuko mashariki. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nami nilikuwa nyumbani Jericho. Tuliisikiliza hotuba kwa redio, majirani wawili watatu wamesimama mlangoni. Hakuna aliyesema, "Hayo ni ya Kangemi." Kila mmoja aliona ametajwa yeye.

Kwa nini walijiona? Hapa ndipo uzuri wa kwanza wa hotuba ile. Msemaji mkubwa hupenda maneno makubwa: maendeleo, ustawi, mustakabali. Papa alitaja vitu. Alitaja maji, vyoo, mifereji ya maji machafu, takataka, taa, barabara, shule na hospitali. Alisema kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha ofisi ni dhuluma, hasa pale mtu anapojitajirisha kwa kiu ya mwenziwe. Akawataja wenye tamaa ya ardhi, wanaojaribu hata kutwaa viwanja ambamo watoto wa shule huchezea. Neno hili halikuanguka hewani. Mwezi wa Januari mwaka ule ule, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuwa wameandamana kupinga ukuta uliojengwa katika kiwanja chao, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Bila shaka mgeni yule aliisoma habari ya wenyeji wake kabla ya kubisha hodi.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutega sikio. Shule niliyosomea, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kiwanja kipana. Siku moja tulikuta nusu yake imezungushiwa mabati, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Mitaa ya zamani ya Eastlands, kama Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, iliachiwa nafasi za wazi baina ya nyumba, ili watoto wacheze na watu wazima wabarizi. Nafasi hizo zimekuwa zikimegwa kidogo kidogo, leo kibanda, kesho ghorofa. Mtoto asiye na kiwanja huchezea barabarani, nawe wajua barabara zetu.

Uzuri wa pili una hatari ndani yake. Papa alisifu hekima ya mitaa ya maskini: kugawana chakula na mwenye njaa, kumpa mgonjwa nafasi nyumbani, kuzika wafu kwa heshima. Mambo hayo ni kweli. Harambee ya matanga huchangwa na watu ambao wenyewe hawana kitu. Lakini jihadhari, msomaji. Sifa yaweza kuwa dawa ya usingizi. Ukimwambia mtu kwamba umaskini wake ni mzuri, huenda asiulize umetoka wapi. Ningemlaumu Papa kwa jambo hili, kama yeye mwenyewe hakuliona. Mara baada ya sifa zile alisema wazi kwamba kuziona hakumwondolei mtu wajibu wa kuiona dhuluma. Mhakiki mwenye haki hana budi kuisoma sentensi inayofuata kabla ya kuhukumu ile iliyotangulia.

Basi kasoro iko wapi? Miezi michache baadaye, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, niliwasomea wanafunzi sehemu ya hotuba ile. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona hakutaja jina la mtu hata mmoja?" Sikuwa na jibu siku ile. Alikuwa amekiona kidonda. Katika hotuba ya Kangemi wadhulumiwa wana sura, lakini wadhalimu hawana. Msemaji mwenyewe aliwaita watu wasio na uso. Sisi twajua kwamba mnyakuzi ana uso. Ana barua yenye mhuri, ana karani aliyeitia sahihi, na pengine ana jirani aliyenyamaza kwa sababu ameahidiwa kibanda.

Nimelifikiri swali lile kwa miaka, na jibu langu ni hili. Hotuba ya Kangemi haitoshi peke yake. Lazima isomwe pamoja na maneno ya Kasarani saa chache baadaye. Kule Papa aliweka kando karatasi aliyoandikiwa akajibu maswali ya vijana. Alisema kwamba ufisadi ni kama sukari: ni mtamu, ni rahisi, na mwisho wake ni ugonjwa wa nchi nzima. Akawataka wasimame washikane mikono kuukataa ukabila. Kangemi alisema tuliyotendewa na wengine. Kasarani alisema tunayojitendea wenyewe. Asomaye ya kwanza tu atatoka akilalamika. Asomaye ya pili tu atatoka akijilaumu kwa makosa yasiyokuwa yake. Asomaye zote mbili ataanza kumtafuta mwenye mhuri, huku akiichunga mikono yake mwenyewe.

Wala kutaja jina si kazi ya mgeni. Mgeni alikuwapo siku tatu. Angelitaja jina, lingekuwa gumzo la wiki moja, na ukuta ungebaki pale pale. Ukuta wa Lang'ata Road haukungoja mgeni yeyote. Uliangushwa na watoto na wanaharakati waliokataa kunyamaza, miezi kumi kabla ya ndege ya Papa kutua. Mgeni mwema humwonyesha mwenyeji kidonda. Kukiosha ni kazi ya mwenyeji. Paulo VI alikwisha kulisema jambo hilo kwa namna yake kule Kampala.

Je, mwenyeji amepona? Bado. Mabati ya shule yangu ya zamani yaligeuka matofali. Kwa hiyo, msomaji kijana, usiifunge insha hii na kusema umeisoma hotuba ya mtu mkubwa. Muulize mwalimu wako mkuu kama shule yenu ina hati ya ardhi yake. Kisha toka nje, uhesabu hatua za kiwanja chenu toka mpaka hadi mpaka, na uandike hesabu hiyo katika daftari pamoja na tarehe. Siku kikipungua, utakuwa na la kusema.