Lugha isiyofaa opera ni ile ambayo haijafanyiwa kazi

KUNA kauli ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wapenzi wa muziki waliobobea: kwamba opera haitafsiriki. Eti ukimwimba Wagner, mwimbe kwa Kijerumani. Ukimwimba Verdi, mwimbe kwa Kiitaliano. Ukitoka hapo umeharibu. Kauli hii ina mkia wake. Mkia huo husema kuwa lugha nyinginezo, Kiswahili kikiwemo, zina uwanja wazo: kwaya, taarab na nyimbo za harusi. Zisijitie hamnazo kutaka makubwa.

Leo ningependa kuipima kauli hiyo, si kwa nadharia tupu, bali kwa maisha ya watu waliopata riziki yao katika opera: waimbaji na waongozaji wa okestra. (Simwiti mwongozaji kondakta, msomaji asije akadhani ninazungumzia makanga wa matatu.) Nimechagua kisa cha London kwa sababu moja tu. Huko, lugha iliyoambiwa kuwa haifai ilikuwa Kiingereza. Naam, Kiingereza hicho hicho ambacho sisi huku tunadhani kinafaa kila kitu!

Kabla ya kufika London, tumtazame Maria Callas, aliyezaliwa New York mwaka 1923 kwa wazazi Wagiriki. Januari 1949, mjini Venice, aliimba nafasi ya Brünnhilde katika Die Walküre ya Richard Wagner, mwongozaji akiwa Tullio Serafin. Mwimbaji aliyetarajiwa kuimba nafasi ya Elvira katika I puritani ya Bellini akaugua. Serafin akamtaka Callas ajifunze nafasi hiyo kwa siku chache, huku angali anaimba Brünnhilde. Akafaulu, na tangu hapo jina lake likapaa.

Wanaosimulia kisa hiki husifu jinsi koo moja lilivyomudu sauti nzito ya Wagner na sauti nyepesi ya Bellini karibu kwa wakati mmoja. Wanalolisahau ni kwamba Brünnhilde huyo aliimba Kiitaliano. Isolde wa Callas naye aliimba Kiitaliano, na Kundry vilevile. Jukwaani, Callas hakuwahi kumwimba Wagner kwa Kijerumani. Waitaliano walitaka kuelewa Wagner anasema nini, basi wakamtafsiri, wala hawakuona ajabu. Kumbe huo "uasilia" tunaoambiwa ni sheria ya opera, hata nyumbani kwa opera haukuwa sheria.

Uingereza nako hali ilikuwa karibu iyo hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jumba la Covent Garden lilianza upya kwa sera ya kuimba opera kwa Kiingereza. Mwaka 1948, Kirsten Flagstad wa Norway na Hans Hotter wa Ujerumani, vigogo wa Wagner wa wakati huo, walikubali kujifunza upya nafasi zao katika Die Walküre kwa Kiingereza ili waimbe London.

Sera hiyo haikudumu, na sababu si ngumu kuiona. Mtaji wa mwimbaji mashuhuri ni nafasi anazozijua kwa moyo. Akiijua Brünnhilde kwa Kijerumani, ataiimba Vienna mwezi huu na New York mwezi ujao. Akiijua kwa Kiingereza, ataipeleka wapi baada ya London? Usafiri wa ndege ulipokuwa rahisi, lugha asilia ikawa kama sarafu inayokubalika kila mji. Kwa maoni yangu, basi, hoja ya lugha asilia ilikuwa hoja ya soko kabla ya kuwa hoja ya sanaa. Hilo si dhambi. Watu lazima wale. Lakini tusiuvishe mfuko kanzu ya uzuri.

Sasa tumgeukie Reginald Goodall. Alizaliwa Lincoln mwaka 1901, na akiwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la mji huo. Juni 7, 1945 ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza kabisa la Peter Grimes, opera ya Benjamin Britten ambayo wengi huiona kuwa mwanzo mpya wa opera ya Kiingereza. Mtu angetarajia kuwa baada ya hapo milango yote ingefunguka. Wapi! Alijiunga na Covent Garden, na miaka ilivyosonga akazidi kusogezwa pembeni. Wakati wa mkurugenzi wa muziki Georg Solti, kuanzia 1961, kazi yake kubwa ilikuwa kuwafunza waimbaji nafasi zao, mmoja mmoja, kwenye piano, katika chumba kilichokuwa juu kabisa ya jumba. Chumba hicho kilipewa jina la utani Valhalla, yaani makao ya miungu katika hadithi za Wagner. Utani wenyewe ulikuwa na uchungu ndani yake: mungu yupo juu, lakini hana waumini.

Ukombozi wake ulitoka kwenye jumba dogo, Sadler's Wells, ambalo sera yake ilikuwa kuimba kwa Kiingereza tu. Mwanzoni mwa 1968, Goodall akiwa na umri wa miaka 66, alipewa The Mastersingers, yaani Die Meistersinger ya Wagner kwa Kiingereza. Ilikuwa ushindi uliowashangaza wengi. Mwaka huo huo kampuni ikahamia ukumbi mkubwa wa Coliseum, wenye viti zaidi ya 2,300, na Goodall akaanza kupanda mlima wenyewe: opera nne za Wagner zinazojulikana kwa pamoja kama The Ring, kazi ya takriban saa 15 za muziki. Kufikia 1973 zote nne zilikuwa zimeimbwa kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Andrew Porter, mhakiki wa muziki aliyezaliwa Cape Town.

Na waimbaji walikuwa akina nani? Hapa ndipo hoja yangu inapokaa. Alberto Remedios, aliyeimba Siegfried, alikuwa kijana wa Liverpool aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli. Rita Hunter, aliyeimba Brünnhilde, alianzia kwenye kwaya ya jukwaani, mstari wa nyuma. Norman Bailey, aliyeimba mungu Wotan, alisomea Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sidhani Remedios au Hunter angepewa nafasi hizo kwanza katika jumba linaloagiza nyota kutoka nje. Walizipata kwa sababu palikuwa na jumba lililoimba lugha yao, na palikuwa na mzee aliyekuwa tayari kukaa nao miezi na miezi, akiwarekebisha silabi kwa silabi.

Baada ya hapo soko likaja lenyewe. Mwaka 1972 Rita Hunter aliimba Brünnhilde katika Metropolitan Opera ya New York, safari hii kwa Kijerumani. Tazama mfuatano huo, msomaji. Lugha yake ilimpa ngazi ya kupandia, na alipofika juu akaiongezea lugha ya wenzake. Wanaodai kuwa kumfunza mtu kwa lugha yake ni kumfungia ulimwengu, na wamjibu Rita Hunter.

Nimezisikiliza rekodi za The Ring hiyo, zilizonaswa moja kwa moja Coliseum, tena zaidi ya mara moja. Kinachonigusa kwanza ni konsonanti. Bailey akiimba hasira ya Wotan, huhitaji kijitabu mkononi. Unasikia mtu anasema. Remedios hapigi kelele kama wafanyavyo wengi wanaoimba Siegfried. Analainisha, anaimba kama kijana kweli. Katika onyesho la mwisho, Brünnhilde anapojitosa motoni, sauti ya Hunter hupanda bila kukwaruza, na maneno bado yana uhai ndani yake.

Lakini uhakiki si kusifu tu. Mwendo wa Goodall ni wa polepole mno. Kuna pahali ambapo okestra inajikokota, nami natamani mtu aisukume. Aidha, Kiingereza cha Porter, kwa uzuri wake wote, mara nyingine hupinda mpangilio wa sentensi ili mkazo uangukie noti inayostahili, na mzungumzaji wa kawaida hangesema hivyo. Tena sitaficha kwamba Goodall aliwaunga mkono mafashisti wa Oswald Mosley. Sanaa yake haimsafishi, na aibu yake haiifuti kazi hiyo. Vyote viwili ni vyake.

Kuna pingamizi nzito zaidi ambalo sharti nilitaje. Soprano akipanda juu kabisa, irabu zote huanza kufanana. Hilo ni jambo la fizikia ya sauti, si uvivu. Kwa hiyo hata ukimtafsiria, huenda usimwelewe. Mwaka 1983 Canadian Opera Company ya Toronto ilileta dawa yake: maneno ya tafsiri kuonyeshwa juu ya jukwaa wakati waimbaji wanaimba lugha asilia. Mtindo huo ukaenea duniani. Hata English National Opera, jina ambalo kampuni ya Sadler's Wells ilichukua mwaka 1974, ilianza kuonyesha maneno ya Kiingereza juu ya waimbaji wanaoimba Kiingereza! Wapinzani wa tafsiri wakacheka: si tuliwaambia?

Mimi sioni kuwa wameshinda. Maandishi yanampa mtazamaji maana, lakini hayampi mwimbaji lugha. Mtazamaji anasoma kichekesho sekunde mbili kabla hakijaimbwa, anacheka mapema, na mwigizaji anabaki amesimama pale kama mgeni kwenye harusi yake mwenyewe. Isitoshe, maandishi hayamfundishi fundi wa Liverpool kuwa Siegfried. Kazi ya chumba cha Valhalla haiwezi kufanywa na ubao wa taa.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Kwanza, kimaumbile Kiswahili kina neema ambayo Kiingereza na Kijerumani hazina. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, kama ilivyo kwa maneno mengi ya Kiitaliano, na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuyumbayumba. Koo hupenda irabu. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni ushahidi: mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano lilichukua lahani ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, likaitilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na Kiswahili kikakaa kama kimezaliwa nayo.

Hata hivyo neema si kazi. Chukua sentensi nyepesi ya Kijerumani, "ich liebe dich". Ina mizani nne. "Nakupenda" nayo ina mizani nne. Mtafsiri anayehesabu vidole atafurahi na kusema amemaliza. Kumbe mkazo wa Kijerumani uko kwenye mizani ya pili, ilhali wetu uko kwenye ya tatu, "pe". Ukiiimba kwa lahani ile ile utapata "naKUpenda", na hadhira itaguna. Sasa jaribu "mpenzi wee". Mizani ni nne, maana "m" ni mizani kamili. Mkazo umekaa kwenye ya pili, na "wee" inaweza kuvutwa mpaka pumzi iishe. Ila angalia: kauli imegeuka kuwa mwito. Anayependa hatamki tena kwamba anapenda, anaita. Je, hasara hiyo inakubalika katika onyesho lile? Swali hilo halijibiwi na kamusi. Hujibiwa na mtu aliyekaa kwenye piano na mwimbaji, akajaribu mara ishirini.

Na mtu huyo ndiye tunayemkosa. Anayezijua noti mara nyingi hakusomea arudhi, naye anayeijua arudhi hasomi noti. Idara za Kiswahili na idara za muziki katika vyuo vikuu vyetu zaweza kuwa ua mmoja, nazo hazisalimiani. Mwalimu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969, aliwanyamazisha waliodhani Kiswahili hakimwezi Shakespeare. Hakubishana nao sana. Aliketi akafanya kazi, tena akiwa na nchi nzima mabegani.

Goodall alipewa heshima ya Sir mwaka 1985, akafariki 1990. Kabla ya heshima hizo kulikuwa na miaka ya chumba cha juu, piano na mwanafunzi mmoja. Kwa hiyo nikiulizwa tena kama Kiswahili kinafaa opera, sitajibu ndiyo wala la. Nitauliza: nani amekubali kupanda hadi chumba kile, na nani yuko tayari kumlipa mshahara akiwa humo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.