Springi ya Mbele Haibebi Mawese

Gari la kazi likianza kukaa chini upande wa mbele, dawa ya gereji ni ileile, iwe Mwanga au Ujiji hapa Kigoma: ongeza jani. Jani likiongezwa gari linainuka, mwenye gari anaridhika na safari zinaendelea. Baada ya muda usukani unapiga mikono, bolti za bampa zinalegea na chesisi inaanza kuchanika karibu na mashikio ya springi. Lawama zote zinaiangukia barabara. Njia ya kwenda kusini kando ya ziwa, kupitia Simbo na Ilagala kuelekea Kalya, ni ngumu kweli, hasa masika. Lakini sehemu kubwa ya madhara hayo inatokana na springi ya mbele iliyochaguliwa kana kwamba kazi yake ni ile ya springi ya nyuma.

Tuchukue gari ambalo fundi yeyote wa Kigoma analifahamu: Land Cruiser HZJ75 pikapu, yenye injini ya 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2. Ni gari la miaka ya 1990. Gari hili lina springi za majani mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota ilipoleta 78 na 79 mahali pake, mbele iliweka springi za koili, nyuma ikaacha majani. Land Rover nao walikuwa wameondoka kwenye majani tangu mwaka 1983, walipotoa One Ten. Uamuzi wa Toyota wa kubadili mbele tu una somo kubwa kwa sisi ambao bado tunafunga majani pande zote mbili: ekseli mbili za pikapu zina kazi mbili tofauti.

Hesabu inaonyesha hivyo. HZJ75 pikapu ina mita 2.98 kutoka ekseli hadi ekseli. Pakia mapipa ya mawese yenye uzito wa kilo 1,000, kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele itapata kilo 67 tu, yaani kama kilo 34 kwa kila springi. Zilizobaki, kilo 933, zinakwenda nyuma. Springi ya nyuma inaishi maisha mawili, tupu na mzigo, ndiyo maana inahitaji majani ya akiba ya chini yanayoanza kazi gari likishapakiwa. Springi ya mbele inabeba injini, giaboksi, kabini na watu, na uzito huo haubadiliki sana kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo inaweza kuchaguliwa kwa usahihi, na hakuna sababu ya kuifanya ngumu kwa ajili ya mzigo ambao haitaubeba kamwe.

Kazi inaanzia kwenye mizani. Pitisha ekseli ya mbele peke yake, gari likiwa na mafuta, dereva, bampa na winchi kama vipo. Tuseme mizani inasoma kilo 1,200. Toa uzito usiobebwa na springi, yaani magurudumu, ekseli na difu, tuukadirie kilo 250. Zinabaki 950, kilo 475 kila upande.

Kipimo cha pili kinahitaji jeki na tepu tu. Pima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi gari likiwa limesimama. Fungua shokapu upande wa chini, kisha inua chesisi polepole huku mwenzako akiishika shakeli. Itafika mahali shakeli inalegea na kucheza mkononi, maana springi imeshatua mzigo wake. Pima tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili naiita mshuko. Ikiwa mshuko ni sentimita 10, springi ile ina ugumu wa kilo 47.5 kwa kila sentimita.

Mshuko unaeleza jambo kubwa kuliko ugumu peke yake: gurudumu linaweza kushuka kiasi gani huku springi bado inalisukuma chini. Gurudumu likiingia kwenye shimo lenye kina kikubwa kuliko mshuko, springi haina tena la kulisukumia. Linabaki linaning'inia, na gurudumu linaloning'inia halivuti, halishiki breki wala haliongozi. Kwenye mteremko wa kuingilia kivuko cha Malagarasi, au kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, hapo ndipo gari linapokwama.

Sasa ongeza bampa la chuma na winchi, jumla kilo 100, zikiwa sentimita 80 mbele ya ekseli. Kwa kuwa zinaning'inia nje, ekseli ya mbele inapata kilo 127, nyuma ikipunguziwa kilo 27. Kila springi imeongezewa kama kilo 63, na gari linashuka sentimita 1.3. Hilo ndilo tatizo lote lililompeleka mwenye gari gereji. Akifungiwa majani matatu juu ya matano aliyokuwa nayo, yenye unene uleule, ugumu unafika kilo 76 kwa sentimita na mshuko unaanguka kutoka sentimita 11.3 hadi 7.1. Mwili wa gari uliokuwa ukipanda na kushuka mara 1.5 kwa sekunde sasa unarukaruka karibu mara 1.9, na magurudumu yamepoteza zaidi ya sentimita 4 za kuifuata ardhi. Bampa lilihitaji kurudishiwa kimo cha sentimita moja na kidogo. Mkunjo mkubwa kidogo wa majani ungetosha bila kugusa ugumu.

Wauzaji hupenda kuulizwa idadi ya majani, lakini unene una nguvu kubwa zaidi. Ugumu unakwenda na idadi ya majani mara unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 ni gumu mara 2.4 kuliko la milimita 6 lenye upana na urefu uleule. Majani matano ya milimita 8 yanayashinda majani kumi ya milimita 6 kwa karibu moja ya tano. Mtu anaweza kununua springi yenye majani machache akidhani amepata laini, kumbe amefunga ngumu zaidi.

Tena unene unaamua uhai wa chuma. Springi mbili za urefu mmoja zikipinda kiasi kilekile, jani la milimita 8 linapata mkazo uliozidi wa lile la milimita 6 kwa theluthi moja. Kwa gari linalopinda springi kutwa nzima, majani membamba mengi yanadumu kuliko manene machache. Urefu nao unasaidia: springi iliyorefuka kwa asilimia 10, mengine yakibaki vilevile, inalainika kwa robo. Lakini urefu huo unahitaji kuhamisha mashikio ya chesisi, kazi ambayo sishauri ifanywe bila vipimo na uchomeleaji wa uhakika.

Majani mengi yana gharama yake: yanasuguana. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, springi iliyoshikana kwa kutu haisogei kabisa kwa tuta dogo, na mtikisiko wote unapita moja kwa moja hadi kwenye usukani. Fungua springi kama hiyo utaona ncha ya jani la chini imechimba mtaro unaong'aa kwenye jani la juu yake, na ufa mara nyingi huanzia kwenye mtaro huo. Kusafisha majani, kuondoa ncha kali na kupaka grisi hurudisha ulaini mwingi bila kununua chochote. Springi za parabola, ambazo majani yake ni manene katikati na membamba kuelekea ncha, hugusana katikati na mwishoni tu, hivyo msuguano ni mdogo. Anayezifunga lazima aweke shokapu nzuri, kwa sababu ule msuguano ulikuwa pia ukisaidia kutuliza gari.

Mbele kuna suala la usalama ambalo halina mjadala. Jani kuu ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Likikatika kwenye jicho, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kwa hiyo chagua springi ambayo jani la pili linalikumbatia jicho la jani kuu, ili moja likikatika jingine lishike. Kaza bolti za U baada ya safari za kwanza, maana zikilegea majani huvunjika palepale kwenye tundu la bolti ya katikati. Usikubali jani kuu lililopashwa moto wa mkaa ili likunjwe upya, kisha likaachwa lipoe lenyewe. Chuma cha springi kikipoteza ugumu wake hivyo, gari litainuka kwa wiki chache na kuinama tena, kama jani halijakatika kabla.

Epuka pia kuinua gari kwa shakeli ndefu. Shakeli ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha huinamisha kingipini kuelekea mbele, na usukani hauji tena katikati wenyewe baada ya kona. Dereva atahangaika nao njia nzima.

Kwa hiyo anayekwenda kununua springi za mbele aende na namba tatu zilizoandikwa: uzito wa ekseli ya mbele, mshuko wa springi aliyonayo, na kimo kilichopungua. Mshuko ukiwa bado karibu na sentimita 10, springi yake haijashindwa kazi. Inahitaji usafi, bushi mpya na kurudishiwa kimo. Ukiwa umepungua sana kwa sababu ya majani yaliyoongezwa, ayapunguze. Na ikibidi kununua mpya, achague inayobeba uzito uliosomwa na mizani, yenye majani membamba na jicho lililokumbatiwa. Mawese yaachiwe springi za nyuma.